Kabla Hujanunua Randa Nyingine, Hesabu Mafuta Yako

Kama una msumeno uvunguni mwa kitanda, umeufunga kwa kanga kuukuu, na mwenye kanga hajajua bado, basi haya nimekuandikia wewe.

Sikuambii uache. Maradhi haya ya kukusanya randa, patasi, tupa na keekee sijaona aliyeyapona, na wale wanaodai wamepona ukiwatembelea utawakuta wamehamia kwenye saa za ukutani. Ninachotaka kukupa ni kipimo. Mtu akiuliza zana ngapi zinatosha, wengi watahesabu pesa au nafasi. Sie wa visiwani tuna mhesabu mwengine, naye ni kutu. Randa zako ni zile unazoweza kuzipaka mafuta kabla kutu haijazifikia. Zilizobaki ni mali ya kutu, wewe umewekewa amana tu.

Kwamba chuma kikikutana na maji na hewa hushika kutu, hilo tulisomeshwa skuli. Lisilosemwa sana ni kwamba hakihitaji kumwagiwa maji. Unyevu wa hewani ukipita kiasi cha asilimia 60, chuma kisichokuwa na kinga huanza kuliwa. Chumvi ya bahari nayo ikishatua juu yake, unyevu ukifika asilimia 75 hivi, inavuta maji ya hewani mpaka inayeyuka yenyewe. Usiku wa masika Unguja unapita hapo bila jasho. Kwa hiyo ile randa uliyoifunga gazeti ukaiweka rafuni, mbali na dirisha, kumbe imelala kwenye maji ya chumvi. Usidhani kukaa juu kunasaidia. Mie nakaa Michenzani, kwenye yale maghorofa marefu ya miaka ya 1970, na upepo wa bahari unapanda ngazi kuliko mie.

Kuhusu ngazi, nasaha ya haraka: jiliwa la chuma lipandishe usiku. Langu nililipandisha mchana, na vijana waliokuwa wakicheza karata chini wakataka kujua ni mashine gani. Nikawaambia ya kubania. Ya kubania nini? Mpaka leo swali hilo halijapata jibu zuri, maana mie si seremala, nafanya kazi ofisini, na meza yetu ya kulia tuliinunua. Jiliwa linatumiwa na watoto kubanjia kungu. Linazibanja vizuri sana.

Turudi kwenye mafuta. Bora kwa nyumba ya kawaida ni mafuta ya cherehani: mepesi, hayanuki, yanapatikana Darajani kila duka la pili. Tabu yake ni moja, kwamba kila cherehani ina mwenyewe. Mke wangu anashona, na aliposhangaa chupa inakwisha wakati kazi ya kushona haijazidi, tukaandikiana mkataba wa mdomo: chupa moja kwa mwezi ni yangu, na isiyotoshewa na chupa isiingie ndani. Nilidhani ananibana. Baadae nikaona ndiyo sheria ya busara kuliko zote nilizowahi kusikia katika shughuli hii, na nakushauri uichukue hata kama hujaoa.

Ila jifunze kupaka. Wakusanyaji wengi humimina. Kinachotakiwa ni utando mwembamba tu: chukua kipande cha fulana ya pamba, kitie matone mawili matatu, kisha futia chuma chote kama unayetaka kuyaondoa mafuta hayo. Utando unaobaki unatosha. Hutia mafuta machache, kutu haiji, na (hili usimwambie mtu) chupa inabeba randa nyingi zaidi ya ilivyokusudiwa na waliotia saini. Jasho la vidole ni chumvi pia, kwa hiyo mgeni akishika, futa. Kuna mgeni hushika kila kitu. Mgeni huyo mpe kahawa mapema, mikono ipate kazi.

Mafuta ya nazi usiyaguse. Yanachacha, na yana wapenzi wengine. Rafiki yangu wa Fuoni aliyapaka kwenye misumeno yake yote, asubuhi akakuta sisimizi wamejipanga safu kutoka jikoni mpaka ukutani, kila msumeno una sherehe yake.

Sasa sikiliza hili, maana mie mzaliwa wa Pemba na linanipa kiburi. Wajapani tangu zamani hupaka panga zao mafuta yaliyotiwa harufu ya karafuu, na mpaka leo mafuta ya namna hiyo huuzwa kwa wenye visu na zana. Karafuu, jamani, inasafiri mpaka huko ikalinde chuma cha watu, nasi tuliozaliwa chini ya mikarafuu tunanusa dizeli. Mie hutia tone la mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, kwenye chupa yangu ya cherehani. Ukweli ni kwamba kinga inatokana na mafuta yenyewe, karafuu ni harufu na heshima. Usizidishe: mafuta ya karafuu matupu huwasha ngozi, na yanaweza kulainisha baadhi ya plastiki, kwa hiyo yaepushe na mipini ya bisibisi.

Harufu ina hatari zake nyengine. Ipo desturi ya mafundi wa zamani kuweka karafuu maiti ndani ya sanduku la zana kuzuia kutu, na kwenye sanduku linalofunga sawasawa mie nimeona inasaidia. Lakini wewe ni Mzanzibari na unajua sie tunaipakia wapi. Mkwe wangu alikuja kututembelea siku nilipokuwa nimefungua sanduku sebuleni. Alisimama mlangoni, hakuvua viatu, akashusha sauti: “Mwanangu, nani katangulia?” Ilichukua muda kumweleza kwamba hakuna maiti, kuna patasi. Akakaa, akaziangalia, akasema afadhali angekuwa maiti, angezikwa.

Ikiwa kutu imeshaingia, siki ya jikoni inaiondoa. Fungua kila kipande, tumbukiza vyuma tupu usiku mmoja, asubuhi sugua kwa brashi. Kisha suuza kwa maji yaliyotiwa magadi ya kuokea ili ukali wa siki ufe, kausha saa hiyo hiyo kwa kitambaa na jua, na upake mafuta kabla hujanywa chai. Chuma kilichotoka kwenye siki kiko uchi, ukikiacha nusu saa kitakugeukia rangi ya machungwa mbele ya macho. Patasi yenye maandishi ya kiwanda au mpini wa zamani uliopendeza usiisugue mpaka ing'are kama sufuria ya harusi. Weusi wa uzee si kutu.

Kuhusu kununua, adui yako mkubwa ni nambari. Mwaka 1869 kampuni ya Stanley ya Marekani ilinunua hataza (haki za uvumbuzi) za randa za Leonard Bailey, na randa zake za chuma za benchi zikapangwa kwa nambari, kuanzia 1 iliyo ndogo mpaka 8 iliyo ndefu. Record wa Sheffield, Uingereza, walipoanza kutengeneza za kwao mwaka 1931 waliongeza sifuri mbele: 04, 05 na kuendelea. Nadhani hawakujua wanachotufanyia. Mtu mwenye 4 na 5 na 7 hana randa tatu, ana tasbihi iliyopungukiwa na punje, na hatolala. Nambari 1 ina urefu wa inchi tano na nusu, haitoshi hata kiganja, kazi yake ya maana ni chache, na wakusanyaji huilipia kuliko zote. Nasaha yangu: chukua 4 kwa kulainishia na 5 kwa kazi zote, kisha jifanye hujui kuhesabu. Mie sijaweza, lakini nasaha ni nzuri.

Randa kuukuu igeuze chini uangalie pale kisu kinapotokea. Chuma chake ni cha kusubu, hakipindi, kikidondoka sakafuni kinapasuka, na ufa huanzia hapo. Angalia pia kisu kimebaki urefu gani kati ya makali na ule mfereji wake, maana kuna randa zilizonolewa na baba, mwana na mjukuu, na wewe unauziwa mkia. Patasi ijaribu makali yake kwa tupa: tupa ikiteleza chuma ni kigumu, ikiuma kirahisi hiyo ni patasi ya kufungulia makopo ya rangi. Msumeno ushike kwa urefu na jicho moja lifumbe. Ukikuta umepinda kama barabara ya kwenda Konde, urudishe kwa adabu.

Na adabu ina sehemu yake kubwa hapa, kwa sababu zana nzuri nyingi ziko kwenye masanduku ya mafundi waliokufa. Usiulize randa siku ya hitima. Nimeshaona mtu, ubani unafuka, Yasini inasomwa, jicho lake limegota kwenye kapu la vyombo pembeni mwa ukumbi. Kila mtu alimwona. Ngoja watu watulie, kisha ujue kwamba kapu lile ni mirathi: ni la warithi wote, si la yule kijana anayekukimbilia nalo jioni. Ongea na mkubwa wa nyumba, na wengine wawe wanajua. Kama mtoto mmoja anataka kubaki na tezo ya babake, muachie tezo ya babake.

Nungwi nilikutana na fundi wa majahazi, mtu mzima, kapu lake la ukindu lina tezo, keekee ya uta, msumeno, nyundo, patasi mbili tatu na chuma cha kukalafatia. Nyuma yake kuna chombo kizima kinasimama. Nilikuwa na 4 yangu mfukoni (ndiyo, natembea nayo, tusiulizane). Nikampa shikamoo na randa kwa pamoja. Akaipitisha kwenye kipande cha mtondoo, ukatoka unyoya mwembamba unaopita mwanga, akaunyanyua, akafurahi kweli. “Nzuri hii, mwanangu. Wewe umetengeneza nini nayo?”

Nikamwambia: rafu.

“Rafu ya nini?”

Ya kuwekea randa.

Alicheka mpaka akakaa juu ya gogo, akaniambia mchagua jembe si mkulima. Mie sikuudhika. Ile rafu ni nzuri, na isitoshe nimeshatengeneza na sanduku la patasi, na kibao cha kutundikia misumeno, na kisanduku kidogo cha kuwekea mawe ya kunolea. Mtu aseme nini juu ya hapo.

Limebaki suala la majirani, ambalo wakusanyaji wa nchi baridi hawalijui. Hapa habari ikienea kwamba una patasi, mtoto atatumwa: “Ami, baba anasema umuazime patasi.” Kumnyima ni aibu, atakwenda kusema mtaa mzima. Kumpa ile ya Sheffield ni kuipeleka ikazibue mfereji, ipinduliwe iwe bisibisi, kisha ifungue kopo la rangi, na irudi imeoshwa kwa maji ya chumvi kwa wema. Dawa ni patasi ya majirani. Nunua moja mpya ya bei ndogo, inoe kidogo, iweke mahali panapoonekana, na nyundo yake pembeni. Mtoto akija, mpe bila kusita, ongeza na msumari wa bure. Utapata sifa ya ukarimu ukiwa umelinda ulichotaka kulinda. Hatari ni moja: kuna jirani wa tatu kutoka kwetu ambaye aliiangalia ile patasi, akaigeuza, akaniuliza kwa upole kama sina nyengine. Huyo ni mwenzetu. Siku hizi tunakaa pamoja barazani tukinoa, wake zetu wanatupita bila kusema neno.

Mwisho, zinazozidi chupa ya mafuta zitoe. Vijana wanaomaliza mafunzo ya amali, Mwanakwerekwe, Mkokotoni au Vitongoji kule Pemba, wengi hutoka na cheti bila ya randa. Mpe mmoja ile 4 yako ya pili, lakini uitoe ikiwa imenolewa na kisu kimesimama sawasawa, aanze nayo kazi siku hiyo hiyo. Ukipeleka kwa boti, funika makali kwa gozi au mpira wa tairi la baskeli, na mlangoni bandarini sema mwenyewe kwamba una patasi kabla mashine haijakusemea. Na nyumbani usitangaze kwamba idadi imepungua. Mwenye cherehani akisikia, atapunguza chupa.