Uhandisi wa mazingira ndani ya uhandisi ujenzi

Ndugu, umeuliza kama kozi ya uhandisi ujenzi itakufundisha uhandisi wa mazingira vya kutosha au ubadili kozi. Usibadili. Fani ya mazingira ilizaliwa humo humo, kwenye mabomba ya maji safi na majitaka. Ila haidroliki ishike kuliko somo lolote: usipoelewa maji yanavyotiririka, hata tangi la kutuamisha tope litakushinda kulisanifu. Kemia wengi huidharau, na hilo huniuma sana, maana kupima oksijeni ambayo vijidudu hutumia kuozesha uchafu, siku 5 kwenye nyuzi joto 20, ni kemia na biolojia tupu. Masomo ya hiari chukua usafishaji wa maji, hidrolojia (elimu ya mvua, mito na maji ya ardhini) na taka ngumu. Mradi wa mwisho ufanyie maabara, kwa majitaka halisi.