Maswali na Majibu: Skrini ya Hatari kwenye Mtambo wa Kuchoronga Visima

Safu ya toleo hili inajibu barua tatu, zote zikihusu programu za kusimamia hatari wanazotumia wahandisi wa uchorongaji. Barua ya kwanza imepewa nafasi kubwa zaidi kwa sababu imegusa kiini cha jambo lenyewe.

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi ni msanifu wa programu hapa Nakuru. Kampuni inayochoronga visima vya jotoardhi imenipa kazi ya kuligeuza daftari lake la hatari, ambalo kwa sasa ni faili refu la Excel, liwe programu yenye kiolesura kizuri. Uongozi umeagiza ukurasa wa kwanza uwe lile jedwali la miraba 25 yenye rangi ya kijani, njano na nyekundu. Sampuli niliyotengeneza imewapendeza wakuu, lakini wahandisi walioko kwenye mtambo huifungua siku ya kikao tu, wakajaza panapotakiwa na kuifunga. Kasoro iko wapi? (Msanifu, Nakuru)

JIBU: Ndugu msanifu, wahandisi hao hawaikwepi kazi yako kwa uvivu. Daftari la hatari hujibu swali la ofisini, yaani ni hatari zipi tunazozifahamu na nani amekabidhiwa kuzishughulikia. Mhandisi aliye kwenye mtambo saa nane za usiku ana swali jingine: je, hatua inayofuata ifanyike sasa, isubiri, au isifanyike kabisa? Skrini isiyomsaidia kulijibu swali hilo itabaki kuwa fomu, na fomu watu huijaza ili iwaondokee.

Tulitazame jedwali lenyewe. Linazidisha uwezekano wa jambo kutokea, kuanzia 1 hadi 5, kwa ukubwa wa madhara yake, nao kuanzia 1 hadi 5. Bomba la kuchorongea kukwama kisimani hutokea mara kwa mara, na gharama yake ni siku kadhaa za kazi pamoja na vifaa vinavyoachwa chini. Tuseme uwezekano ni 5 na madhara ni 2, alama 10. Kisima kufumuka bila kudhibitika ni jambo la nadra, lakini huua. Uwezekano 2, madhara 5, alama 10 vilevile. Hatari hizo mbili zitapakwa rangi moja, ilhali ya kwanza inahitaji mpango mzuri wa kazi na ya pili inahitaji kazi isimame mara dalili ya kwanza inapojitokeza. Isitoshe, jedwali halijui wakati. Kisima ambacho saruji yake, ile inayoziba nafasi kati ya mabomba na ardhi, haijashika vizuri hakilingani na kisima hichohicho kesho yake, baada ya saruji kushika na kujaribiwa, lakini mraba wake hausogei mpaka kikao kijacho kifike.

Mimi ningelipeleka jedwali hilo kwenye taarifa ya uongozi, ambako lina kazi yake halali, na ukurasa wa kwanza ningeuanza kwa mchoro wa kisima chenyewe, uliosimama wima kama kilivyo ardhini. Visima vingi vya jotoardhi vina mpangilio unaofanana: bomba la ukuta, yaani linaloshikilia kuta za kisima, la inchi 20 juu, kisha la inchi 13⅜, kisha la inchi 9⅝, na chini kabisa bomba lenye matundu la inchi 7 linalopitisha mvuke. Mhandisi auone mpangilio huo, aone keekee, yaani ncha inayokata mwamba, imefika mita ngapi, na aone vizuizi vinavyokitenga kisima na watu walio juu: uzito wa maji au tope lililomo, saruji, mabomba ya ukuta, na vali kubwa za kufungia kisima zilizo juu ya ardhi. Wazo hili si geni. Kiwango cha NORSOK D-010 cha Norwe kwa miaka mingi kimetaka vizuizi vya kisima vionyeshwe kwenye mchoro, cha kwanza na cha pili vikitofautishwa.

Kando ya kila kizuizi uwekwe ushahidi wake: kilijaribiwa lini, kwa shinikizo gani, kwa muda gani, na nani aliyeyakubali matokeo. Hapa ndipo nisingekubali kulegeza hata kidogo. Kizuizi ambacho hakijajaribiwa kisipakwe kijani kwa sababu tu hakuna aliyeripoti tatizo. Kiandikwe waziwazi kwamba hakijajaribiwa, kwa herufi zinazosomeka kutoka hatua tatu.

Sababu ya msimamo huo ni kisima cha Macondo katika Ghuba ya Meksiko. Jioni ya tarehe 20 Aprili 2010, wafanyakazi wa mtambo wa Deepwater Horizon walifanya jaribio la kupunguza shinikizo kisimani ili wahakikishe kwamba saruji iliyo chini inazuia mafuta na gesi. Bomba la kuchorongea lilionyesha pauni 1,400 kwa inchi mraba, huku bomba jembamba la pembeni linalotumika kudhibiti kisima likionyesha sifuri na halitoi kitu. Mabomba yote mawili yalifunguka kwenye kisima kilekile, kwa hiyo vipimo vyake vilipaswa kukubaliana. Badala ya kusimama kwenye tofauti hiyo, waliokuwapo walipata maelezo ya kuihalalisha, jaribio likahesabiwa kuwa limefaulu, na kabla ya saa nne za usiku mtambo ulilipuka na watu 11 wakafa. Tume iliyoundwa na Rais wa Marekani kuchunguza ajali hiyo ilibaini kwamba hapakuwa na utaratibu wa kawaida ulioandikwa, uwe wa serikali au wa sekta yenyewe, wa kuliendesha jaribio hilo wala wa kuyasoma matokeo yake.

Somo kwa msanifu ni la moja kwa moja. Kabla jaribio halijaanza, programu yako imtake mhandisi aandike kipimo anachotarajia kwenye kila bomba na kiwango cha juu kabisa atakachokubali. Jaribio likiisha, kilichotarajiwa na kilichopatikana vikae bega kwa bega, kwa kipimio kimoja, bila mtu kulazimika kufungua kurasa mbili. Vikitofautiana, kitufe cha "limefaulu" kisipatikane mpaka mhandisi wa pili, asiyesimamia zamu hiyo, asome takwimu zilezile na kuandika maelezo yake kwa jina lake. Hata hivyo, kufuli hiyo iguse uamuzi wa kuendelea peke yake. Kusimamisha kazi au kufunga kisima kusiombe idhini ya programu wala ya mtu yeyote, na kitufe cha kutoa taarifa hiyo kiwe kwenye kila ukurasa, mahali palepale.

Jambo jingine linahusu ardhi mnayochoronga. Programu nyingi za namna hii zilibuniwa kwa ajili ya visima vya mafuta, ambako tope linalopelekwa chini likikosa kurudi juu ni dalili mbaya. Kwenye jotoardhi maana yake hutegemea kina. Maji yakipotelea ardhini katika sehemu ya juu, kabla bomba la ukuta halijasimikwa, ni tatizo, kwa kuwa saruji nayo itapotelea kwenye nyufa hizohizo. Yakipotelea katika sehemu ya chini inayotarajiwa kutoa mvuke, huenda huo ndio ufa uliokuwa ukitafutwa. Ukiweka kiwango kimoja cha tahadhari kwa kisima kizima, programu itapiga kelele siku nzima kwa habari njema na hakuna atakayeisikiliza siku ya habari mbaya. Kila sehemu ya kisima iwe na viwango vyake, na viwango hivyo vibadilike vyenyewe keekee inapovuka kina kilichopangwa. Huko Menengai, karibu nawe, kuna visima vilivyokutana na magma kwenye kina cha takriban mita 2,100. Hatari ya namna hiyo inafaa kuchorwa mahali pake kwenye mchoro, ili mhandisi aione ikimkaribia mita kwa mita, kuliko kuandikwa kwenye mstari wa mwisho wa faili.

Kuhusu rangi, usizitegemee peke yake. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya, takriban 1 kati ya 12 ana shida ya kutofautisha nyekundu na kijani, na taarifa za asubuhi mara nyingi huchapishwa kwa wino mweusi. Umbo na neno viongezwe kwenye rangi. Kisha ukae zamu nzima ya usiku pamoja na mchorongaji kabla hujaandika mstari mwingine wa programu, uone skrini yake ikiwa na vumbi, mikono yake ikiwa na glavu, na muda anaoupata kusoma kabla bomba linalofuata halijafungwa.

SWALI: Ninafanya kazi ya zamu kwenye kisima cha gesi. Programu yetu mpya hutoa tahadhari mfululizo, nyingine zikihusu mambo ya karatasi, kama vile fomu kuchelewa kusainiwa. Baadhi yetu tumepunguza sauti. Tumefanya vibaya? (Mhandisi wa zamu, Mtwara)

JIBU: Ndugu mhandisi, kupunguza sauti ni hatari, lakini lawama kubwa inaielekea programu. Tarehe 24 Julai 1994 kiwanda cha kusafisha mafuta cha Milford Haven, huko Wales, kilipata mlipuko uliojeruhi watu 26. Uchunguzi ulionyesha kwamba katika dakika 11 za mwisho waendeshaji wawili walifikiwa na tahadhari 275. Hakuna binadamu anayeweza kuzisoma zote, sembuse kuamua. Tangu hapo mwongozo wa EEMUA 191, unaotumiwa sana viwandani, umependekeza wastani wa tahadhari isiyozidi 1 kwa kila dakika 10 kwa mwendeshaji mmoja katika hali ya kawaida.

Deepwater Horizon nako, fundi mkuu wa vifaa vya elektroniki alitoa ushahidi mwaka 2010 kwamba king'ora kikuu kilikuwa kimezuiwa kulia chenyewe, kwa sababu wakubwa hawakutaka watu waamshwe usiku na tahadhari za uongo. Mambo kama hayo huanza vivyo hivyo, kwa watu waliochoka wanaotaka kulala.

Waombeni waliowaletea programu watenge makundi mawili. Tahadhari yenye sauti iwe ile tu inayomtaka mtu atende jambo fulani ndani ya dakika chache, na jambo hilo liandikwe papo hapo kwenye skrini. Mengine yote, fomu zikiwemo, yaende kwenye orodha ya kimya ya kusomwa mwanzo na mwisho wa zamu.

Tahadhari zenyewe nazo zitazame hali ya kazi, si namba moja iliyotengwa. Usiku ule wa Macondo, pampu zilizimwa kuanzia saa 3:08 hadi saa 3:14. Pampu zikiwa zimelala, shinikizo kwenye bomba la kuchorongea lilipaswa kutulia, lakini lilipanda kutoka pauni 1,017 hadi 1,263. Ongezeko hilo lilikuwamo kwenye skrini, kama mstari mmoja kati ya mistari mingi, na hakuna mlio uliolitangaza. Ilibidi mtu anayehusika awe anatazama mstari huo kwa dakika hizohizo. Kanuni fupi ya "pampu zimezimwa na shinikizo linapanda" ingetosha kwa tahadhari moja yenye maana. Hiyo ndiyo aina ya tahadhari mnayopaswa kuidai, na mkiipata, sauti irudishwe juu.

SWALI: Je, makabidhiano ya zamu yafanyike ndani ya programu, au tuendelee kuzungumza ana kwa ana kama tulivyozoea? (Msimamizi wa usalama, Naivasha)

JIBU: Ndugu msimamizi, mazungumzo yasiondolewe, ila yafanyike mbele ya skrini inayoonyesha kila kilicho wazi kwenye kifaa kimoja mahali pamoja. Kwenye jukwaa la Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini, tarehe 6 Julai 1988, pampu moja ilikuwa na vibali viwili vya kazi: kimoja cha matengenezo ya pampu yenyewe ambayo hayakuwa yameanza, na kingine cha vali yake ya usalama iliyokuwa imeondolewa. Zamu ya usiku ilikijua kibali cha kwanza, haikukijua cha pili. Pampu ya pili ilipozimika, waliiwasha ile ya kwanza, gesi ikavuja, na watu 167 wakafa. Vibali hivyo viwili havikuwa vimeunganishwa kwa namna yoyote ambayo ingemfanya mwenye kukishika kimoja akione na kingine.

Kwa hiyo programu yenu ivipange vibali kwa kifaa, visipangwe kwa tarehe wala kwa idara. Mtu akigusa jina la pampu au vali, aone vibali vyote vinavyoihusu, hata vilivyosimamishwa, na kitufe cha kuruhusu kifaa kiwashwe kionyeshe vilivyobaki wazi kabla hakijakubali. Anayeingia zamu aandike kwa maneno yake mwenyewe hali ya kisima na kazi zilizoachwa nusu, na anayetoka asome alichoandika mwenzake kabla hajaondoka. Kuweka alama ya vyema kwenye orodha iliyokwisha kuandikwa hakuonyeshi kwamba mtu ameelewa. Na kwa kuwa mtandao kwenye maeneo ya visima hukatika, taarifa hizo zihifadhiwe kwenye kompyuta ya mtambo kwanza, ndipo zipelekwe ofisini, huku saa ya mara ya mwisho kupelekwa ikionekana juu ya ukurasa.