Soma Lebo Kabla ya Kumtazama Usoni

Kwa miaka 12 nimekuwa nikikusanya wanasesere wa manyoya, wale ambao hapa Mombasa wote huitwa tedi hata akiwa ni sungura au tembo, na karibu nusu yao nimewatoa katika marundo ya mitumba ya soko la Kongowea. Wanaotaka kuanza huniuliza kwanza ni mwanasesere gani mwenye thamani. Mimi huwaambia wajifunze kusoma lebo, kwa kuwa sura, manyoya na macho vinaweza kufanana kabisa kati ya mwanasesere wa kawaida na yule ambaye kiwanda kilikwisha kuacha kumtengeneza.

Nililijua hilo kwa majuto. Katika mwaka wangu wa kwanza nilinunua dubu mdogo kwa shilingi 150, nikamfikisha nyumbani, nikashika mkasi na kumkata lebo ili apendeze kabatini. Ilikuwa kitambaa chembamba cha njano kilichobanwa sikioni kwa kifungo cha chuma. Miezi kadhaa baadaye ndipo nilipofahamu kwamba kampuni ya Steiff ya Ujerumani huweka kifungo katika sikio la kushoto la wanasesere wake tangu mwaka 1904, kwamba lebo ya njano ni ya wanasesere wa kawaida, na kwamba nyeupe ni ya matoleo yenye idadi maalumu na ya nakala za wanasesere wa zamani. Kifungo kilibaki, lakini namba ya kumtambulisha dubu wangu ilikwenda na takataka. Tangu hapo, kila nifikapo sokoni humwomba mama niliyezoea kununua kwake: "Mama, ukifungua robota usizikate lebo, niwekee hivyo hivyo." Naye huniwekea kando, ingawa wanunuzi wengine humtaka azitoe kwa sababu zinamkera mtoto.

Napenda pia wasomaji wajue kwamba kampuni hiyo ilianza na tembo. Margarete Steiff, mshonaji wa mji wa Giengen ambaye ugonjwa wa kupooza ulimlemaza akiwa mtoto mdogo, alishona tembo wa kitambaa mwaka 1880 awe kifuko cha kuchomekea pini, lakini watoto wakamchukua wakamchezea. Kila nimshikapo tembo mwenye kifungo sikioni humkumbuka mama huyo na sindano yake.

Jambo la pili linalowapotosha wengi ni kudhani kwamba mwanasesere aliyestaafishwa, yaani aliyeondolewa katika orodha ya kiwanda, ni lazima awe adimu. Kampuni ya Ty ya Marekani ilitangaza mara kwa mara katika miaka ya 1990 kwamba imewastaafisha baadhi ya wanasesere wake wadogo waitwao Beanie Babies, na kila tangazo lilipandisha bei; kisha mwaka 1999 ikatangaza kwamba itaacha kuwatengeneza wote, ikabadili uamuzi baada ya umma kupiga kura, na bei zikaanguka. Wengi wa wanasesere hao walitengenezwa kwa wingi mno, ndiyo maana huwakuta hata Kongowea. Mimi mwenyewe niliwahi kumpata tembo aitwaye Peanut, nikafurahi siku nzima, mpaka nilipobaini kwamba anayetafutwa ni yule wa buluu iliyokolea aliyetolewa mwaka 1995 na kubadilishwa baada ya muda mfupi, ilhali wangu alikuwa wa buluu iliyopauka. Bado ninampenda, ila nilimnunua kwa bei ya kawaida na hiyo ndiyo bei yake. Kumbuka vilevile kwamba mwaka ulioandikwa kwenye lebo ya kitambaa aghalabu ni mwaka wa haki ya ubunifu, wala si lazima uwe mwaka aliotengenezwa.

Ukiambiwa kwamba mwanasesere ni wa zaidi ya miaka 70, tumia ile taa ndogo ambayo wenye maduka hukagulia noti bandia. Mmulike gizani: uzi na kitambaa cha kisasa mara nyingi hung'aa kwa weupe wa kibuluu, cha zamani hakifanyi hivyo. Hata hivyo, aliyefuliwa kwa sabuni ya unga naye anaweza kung'aa, kwa sababu sabuni nyingi zina dawa ya kung'arisha, basi kagua ndani ya mishono ambamo sabuni haikufika vizuri.

Lakini adui mkubwa wa mkusanyaji wa pwani ni unyevu. Hewa yetu ya chumvi hutia kutu kifungo cha chuma, na joto likichanganyika na mvua za masika huotesha ukungu ndani ya mwili wa mwanasesere kabla hujauona juu ya manyoya. Usimfungie katika mfuko wa nailoni miezi mingi, kwani unyevu ulioingia naye hauna pa kutokea. Mimi huwafunga kwa kanga kuukuu za pamba zilizofuliwa na kukaushwa vyema, nawaweka katika rafu ya juu isiyogusa ukuta, na kaskazi ikivuma nafungua kabati kila asubuhi wapate hewa kivulini, kwa kuwa jua kali hupausha rangi. Wenye manyoya ya moheri, ambayo ni sufu ya mbuzi, huliwa na viwavi wa nondo. Hao, wakiwa wakavu kabisa, huwatia katika mfuko uliofungwa na kuwaweka kwenye friza wiki 2, kisha nawaacha ndani ya mfuko huo mpaka ubaridi uishe ndipo nifungue, ili wasiloe kwa umande.

Kuosha kuna masharti yake. Mbonyeze mwanasesere karibu na sikio lako. Ukisikia mchakacho kama wa majani makavu, amejazwa nyuzi za mbao, naye akizamishwa majini huoza kwa ndani. Mpanguse juu tu kwa kitambaa chenye unyevunyevu. Aliyejazwa pamba za poliesta huvumilia kuoshwa kwa mkono, mradi lebo ya karatasi isiguswe na maji. Na yule mwenye harufu ya ukungu iliyoingia ndani ya maranda yake, hata awe na kifungo sikioni, mimi humwacha palepale sokoni, kwa sababu niliwahi kumleta mmoja nyumbani na ukungu wake ukawaenea 3 waliokuwa rafu moja naye.