Kaseti za wazee wetu: kuzihifadhi bila kuwaponza

Ndugu, kaseti ulizorithi za mahojiano ya wazee wapenzi wa jinsia moja hapo Nairobi ni hazina, na hofu yako juu ya majina ina msingi: kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kinachotumika kuharamisha mapenzi ya jinsia moja, bado kipo. Anza na ridhaa. Kila mzee aliye hai aamue kama jina litumike, na sauti ifunguliwe lini.

Kisha vunja vijino viwili mgongoni mwa kaseti, isije ikarekodiwa juu. Safisha kwa spiriti kichwa cha redio kaseti, yaani sehemu inayogusa utepe na kuusoma. Uchafu hufifisha sauti. Nakili kwenye kompyuta kwa WAV, aina ya faili isiyobana sauti, biti 24. Usitume kwa WhatsApp, huenda ikabana sauti. Nakala tatu zenye nenosiri, moja nje ya mji. Orodha ya majina halisi ikae kando. GALA, hifadhi ya kumbukumbu za wapenzi wa jinsia moja iliyoko Johannesburg, hupokea kumbukumbu kama hizi, ila muone wakili kwanza.