Kabla hujaivalisha Hiace yako rimu za inchi 18

Juzi kijana mmoja wa Kakamega anayesambaza mikate kwa Hiace aliniandikia: "Mama, nimepata rimu za inchi 18, zinang'aa si mchezo. Niweke?" Nilikuwa nimeegesha soko la Kibuye, Kisumu, makuli wakishusha viazi vyangu. Moyo ulinipiga, maana mimi nilishaziweka.

Hiace yangu ilikuja na matairi ya 195/80R15, yaani upana milimita 195, ukuta asilimia 80 ya upana huo, rimu inchi 15; ubavuni yameandikwa pia 107/105. Mara mbili kwa wiki nilitoka Molo na magunia 20 ya kilo 50, tani moja kamili, hadi Kisumu, na matairi hayakunisumbua hata siku moja. Lakini nilikuwa nimemaliza mkopo wa gari, na nilitaka kila mtu sokoni ajue kwamba hili gari ni langu na halidaiwi. Mwenye duka mmoja mjini Nakuru akaniuzia rimu za 18 na matairi ya 225/50R18. Nilimweleza wazi kwamba kazi ya gari ni viazi. Akanijibu, "Mama, hili ni pana kuliko la zamani, litabeba zaidi." Nikamwamini, kwa sababu yeye ndiye aliyeshika spana.

Wiki mbili za kwanza nilisifiwa kila niliposimama. Wiki ya tatu nikiteremka kutoka Kapsoit kuelekea Awasi, nimetoka kwenye baridi ya Molo na sasa joto la tambarare za Kano linaanza kupanda, nikasikia harufu ya mpira. Kabla sijaegesha, la nyuma kushoto likapasuka. Gari lilivutwa pembeni, mlango wa nyuma ukafunguka, magunia manne yakaangukia mtaroni na viazi vikabingirika hadi kwenye miwa ya watu. Niliposhuka nilikuta tairi limefunguka ubavuni kama mbuta aliyepasuliwa kwa kukaangwa, na rimu imekunjika ukingoni. Nilishukuru Mungu kwamba hapakuwa na pikipiki ubavuni mwangu.

Mteja wangu wa miaka minne pale Kibuye alingoja hadi saa nane, akanunua kwa mtu mwingine, na hajarudi kwangu. Yule muuzaji nilipompigia alisema barabara ndiyo mbaya. Hadi leo nikipita mbele ya duka lake nageuza uso.

Fundi mwingine, mzee wa pancha, ndiye aliyenisomea tairi. Ile 107 ni namba ya mzigo, maana yake tairi moja linabeba kilo 975; 105 inayofuata ni ya matairi yakifungwa mawili mawili upande mmoja. Yale mapya yalikuwa 95, yaani kilo 690. Kwa hiyo mawili ya nyuma yalikuwa na uwezo wa kilo 1380, ilhali ya zamani yalikuwa na 1950, na huko nyuma ndiko viazi karibu vyote vinakolala, juu ya uzito wa gari lenyewe. Upana haukunisaidia kitu. Tena ukuta wa tairi ulikuwa umepungua kutoka milimita 156 hadi 112, kwa hiyo kila shimo lilipigwa na rimu yenyewe.

Sasa natumia inchi 16, matairi ya 215/70R16C, namba 108/106. Hiyo 108 ni kilo 1000 kwa tairi, na herufi C inaonyesha ni tairi la gari la mizigo. Kipenyo kimezidi cha yale ya kwanza ya inchi 15 kwa milimita 14 tu, kwa hiyo spidomita haidanganyi sana na fenda haiguswi. Rimu nilizitafuta hadi nikapata zenye alama ya JWL-T, ambayo Japani huwekwa kwa rimu za malori na mabasi. Yenye JWL peke yake ni ya magari ya abiria madogo. Spea nayo niliinunua ya saizi hiyohiyo. Nimemaliza misimu minne ya viazi, na mashimo ya Londiani nayapita na tani yangu bila hofu.

Vijana wangu, someni namba ya mzigo. Ukiambiwa tairi ni imara, inama usome namba. Ukiambiwa ni la kutoka Japani, soma namba, na usome pia zile tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya ubavuni yanayoanza na DOT, ndizo tarehe ya kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na tairi lililozeeka dukani halirudi ujana. Upepo weka kama kibandiko cha mlango wa dereva kinavyosema ukiwa na mzigo. Ukibadilisha saizi, mwulize fundi anayejua matairi ya mizigo. Usikubali muuzaji akuone mshamba kwa sababu unauliza. Mimi niliogopa kuonekana mshamba, na nikalipa kwa magunia.

Nilimjibu yule wa Kakamega kwamba picha ya gari zima nimeiona na ni zuri. Nimemwomba achuchumae anipigie nyingine, ya ubavu wa tairi lenye hizo rimu, karibu kabisa, namba zionekane.