Aljebra ya kidato cha tano: wanafundishwa nini, na ajiandae vipi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mdogo wangu amemaliza kidato cha nne, hesabu amepata B, na anataka tahasusi ya PCM (fizikia, kemia na hisabati). Waliomtangulia wanamwambia aljebra ya huko ndiyo inayowafanya watu wahame tahasusi. Hasa wanafundishwa nini, na afanye nini kabla ya shule kufunguliwa Julai?

Jibu: Marahaba. B inatosha kabisa kuanzia. Ndani ya mada ya aljebra atakutana na vipeo na logi, mifululizo, uthibitisho kwa induksheni, mizizi ya polinomia na kanuni ya baki, hesabu za alama za > na <, matriksi, upanuzi wa binomio, na kuvunja sehemu za aljebra. Karibu nusu ya hayo ameshayaona O-level: logi, mfululizo wa kujumlisha na wa kuzidisha, matriksi za 2 kwa 2. Kinachobadilika ni aina ya swali anayoulizwa.

Kidato cha pili alipewa mlinganyo akaambiwa tafuta x. Sasa atapewa x² − 5x + 3 = 0, aambiwe mizizi yake (thamani za x zinazoukidhi) ni a na b, kisha atafute a² + b² bila kuitafuta mizizi yenyewe. Anayekimbilia fomula anapata √13, anazama kwenye vipeuo. Anayeelewa anasoma mlinganyo tu: jumla ya mizizi ni 5, zao lake ni 3, kwa hiyo a² + b² = 5² − 2(3) = 19. Akiulizwa mlinganyo ambao mizizi yake ni a² na b², anao tayari: x² − 19x + 9 = 0. Hapo ndipo wengi wanapokwama, kwa kuwa wamezoea kwamba hesabu haijaisha mpaka x ipatikane.

Induksheni ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayokaririwa vibaya kuliko zote. Tuseme anathibitisha kwamba 1 + 3 + 5 + … + (2n − 1) = n². Kujaribu n = 1, 2, 3 na kuona inakubali si uthibitisho. Mpe mdogo wako n² + n + 41: kuanzia n = 0 hadi 39 inatoa namba tasa kila mara, halafu n ikiwa 40 inatoa 1681, ambayo ni 41 × 41. Mara 40 mfululizo inakubali, kisha inakataa! Ndiyo maana baada ya kuhakikisha n = 1 lazima aonyeshe kwamba ikiwa kweli kwa k, itakuwa kweli kwa k + 1. Kwenye mfano wetu, unaongeza namba witiri inayofuata: k² + (2k + 1), ambayo ni (k + 1)². Mstari huo mmoja ndio uthibitisho wenyewe, na anayeuruka hajathibitisha kitu.

Kwenye alama za > na < kuna mtego ambao kila mwaka unakula alama za watoto wazuri. Swali linasema (x + 1)/(x − 2) > 3. Mwanafunzi anazidisha pande zote kwa x − 2, anapata x < 3.5, anapiga mstari. Lakini weka x = 0 uone: −½ haizidi 3. Amesahau kwamba x − 2 inaweza kuwa hasi, na ikiwa hasi alama inageuka. Jibu sahihi ni 2 < x < 3.5.

Matriksi zinapanda hadi 3 kwa 3, zikitumika kutatua milinganyo mitatu kwa pamoja. Ni kazi ndefu ya uangalifu, si ngumu. Binomio, yaani kufungua mabano yenye kipeo kama (1 + x)ⁿ, inaingia kwenye vipeo ambavyo si namba nzima, kwa hiyo √1.02 anaikadiria kwa kalamu: 1 + 0.01 − 0.00005 = 1.00995. Kuvunja sehemu kunaonekana hakuna maana mpaka afike kwenye intigrali. (5x + 1)/((x − 1)(x + 2)) ikiwa nzima haiintigrishiki kirahisi. Ikivunjwa kuwa 2/(x − 1) + 3/(x + 2), kila kipande kinatoa logi yake na kazi imekwisha. Asiidharau.

Kuhusu maandalizi, simshauri aanze kusoma mada za kidato cha tano peke yake. Arudi kidato cha pili na cha tatu: kutafuta vigawo, kujumlisha sehemu zenye herufi kwenye asili, kukamilisha mraba, sheria za vipeo na logi. Wanaohama tahasusi, kwa nilivyoona darasani, induksheni wanaielewa ikielezwa. Wanaanguka kwenye mstari wa nne kwa kukosea mabano au alama ya kutoa. Afanye maswali machache kila siku, akiandika kila hatua, na jibu lake alirudishe kwenye swali kulihakiki kama tulivyofanya na x = 0. Kikokotoo akiweke kando kwa sasa. Advansi ataruhusiwa kukitumia, ila hakitamsaidia kutafuta vigawo vya 6x² − x − 12. Mpe hilo leo jioni. Akitoa (2x − 3)(3x + 4) bila kusita, mnunulie kitabu cha kidato cha tano.