Kabla hujamwambia fundi akuchongee gitaa, lipime ulilonalo

Gitaa langu la kwanza la umeme nililinunua kwa mpigaji aliyekuwa anaacha muziki. Rangi ilikuwa imechubuka pale mkono wa kulia unapoegemea, swichi ilikwaruza, na karibu na taa za ukumbi lilivuma kama mzinga wa nyuki. Nimepiga nalo solo kwenye bendi ya dansi hapa Dar es Salaam kwa miaka 17. Mwaka juzi nikaamua kutengenezewa langu, kwa vipimo vyangu na kwa mbao zetu. Sasa nina mwaka na nusu na magitaa yote mawili, na vijana wa bendi huniuliza kama inafaa kufanya hivyo. Inafaa. Ila nilikosea jambo moja mwanzoni kabisa, na ndilo lililonila pesa.

Nilikwenda kwa fundi na orodha ya matamanio, gitaa langu nikaliacha nyumbani. Nikamwambia shingo iwe nyembamba, maana niliamini wembamba ndio wepesi wa vidole. Kiwiliwili kiwe cha mninga, ubao wa freti (vile vyuma vidogo vinavyokatiza shingo) uwe wa mpingo, pikapu (vinasa sauti vya sumaku chini ya nyuzi) ziwe za koili mbili. Fundi ni mtu makini. Aliandika yote na akafanya yote. Usiku wa kulipokea sikulala, nililipiga mpaka adhana ya alfajiri.

Wiki ya tatu gumba la kushoto likaanza kuuma. Sisi tunapanda jukwaani saa tatu usiku na kushuka saa nane, na sebene moja inaweza kuzunguka dakika kumi bila kupumua. Kwa muda wote huo gumba linataka kitu cha kukamata. Nikaazima kalipa nikapima. La zamani lina unene wa milimita 22 kwenye freti ya kwanza na 24 kwenye freti ya 12. Jipya lilikuwa na 19 na 21. Milimita tatu huwezi kuziona kwa macho, lakini mkono wangu ulikuwa umejengwa juu yake kwa miaka 17, na nilikuwa nimemlipa mtu azikwangue.

Mbao ikishakwanguliwa hairudi. Kilichoniokoa ni kwamba shingo ilifungwa kwa skrubu nne, haikugundishwa, kwa hiyo nililipia shingo ya pili na ile ya kwanza ikafunguliwa. Kwa sababu hiyo namshauri kila anayeagiza kwa mara ya kwanza achague shingo ya skrubu. Na muhimu zaidi, mwombe fundi akuite shingo ikiwa bado haijapigwa vanishi. Nenda ukaishike, ukae nayo robo saa, ujifanye unapiga wimbo wako mgumu. Siku hiyo bado anaweza kukwangua kidogo kidogo mpaka mkono useme basi.

Kwa hiyo, beba gitaa lako la zamani. Mpe fundi alipime unene wa shingo sehemu mbili, upana wake kule kichwani, na urefu wa uzi kutoka kwenye kidaraja cha juu mpaka daraja la chini. Kipimo hiki cha mwisho watu wengi hawakiulizii. Magitaa ya mtindo wa Stratocaster yana takriban milimita 648, ya mtindo wa Les Paul yana kama 628. Uzi uleule, kwa sauti ileile, unalegea kwa karibu asilimia 6 kwenye hilo fupi, na freti zinasogeleana. Anayevuta nyuzi sana atafurahi. Anayepiga kwa nguvu kama mimi ataona nyuzi zinayumba chini ya kipiki. Nilibaki na 648 na sijajuta.

Wapiga ridhimu wa mtindo wa Kikongo wana lao. Kama unapiga mi-composé, yaani unaondoa uzi wa nne na kuweka mwembamba unaotuniwa oktava moja juu, mwambie fundi kabla hajakata vijia vya nyuzi kwenye kidaraja cha juu. Kijia cha uzi mnene hakiwezi kuushika uzi mwembamba. Utacheza ndani yake na kulia kama bati.

Kuhusu mbao, mninga ni mzuri mno, una rangi ya asali na harufu inayobaki mkononi. Lakini uliza umekauka kwa muda gani. Kanuni ya zamani ya maseremala ni mwaka mmoja wa kivulini kwa kila inchi ya unene, na hewa ya pwani hairahisishi kazi. Mpingo ni mgumu zaidi: ni mzito hata unazama majini, na hukauka polepole sana. Tulipokwenda kupiga Dodoma, kwenye hewa kavu, ubao wangu ulisinyaa na ncha za freti zikachomoza pembeni, zikanikata kidole katikati ya onyesho. Ilibidi zipigwe tupa. Dai pia risiti ya mbao. Mpingo uko kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti kwa vibali biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, pamoja na karibu jamaa zake wote wa jenasi ya Dalbergia. Ala iliyokamilika iliondolewa masharti hayo mwishoni mwa 2019, lakini kipande cha mbao ghafi bado kimo.

Na uzito! La zamani lina kilo 3.4, jipya lina 4.3. Saa tano mkanda ukiwa begani, hiyo tofauti unalala nayo. Kama ningerudi nyuma ningeomba kiwiliwili kitobolewe matundu ndani kabla ya kufunikwa.

Sasa pikapu, ambazo ndizo zilinifunza zaidi. Koili mbili zinasukwa ili mvumo wa umeme unaoingia kwenye moja ufutwe na ile nyingine. Seth Lover aliibuni pikapu ya aina hiyo akiwa kampuni ya magitaa ya Gibson katikati ya miaka ya 1950. Gitaa langu jipya liko kimya kabisa katika kumbi zenye waya mbovu, na hilo nalishukuru kila wiki. Lakini sauti yake ni nene. Kwenye dansi kuna ridhimu, wakati mwingine kuna solo la pili, kuna besi, kuna tarumbeta. Solo linapita katikati kwa sababu ni jembamba na lina kioo. Sikiliza gitaa la Mbaraka Mwinshehe jinsi linavyosikika peke yake hata bendi nzima ikiwa imechachamaa. La kwangu lilikuwa linazama humo. Nikaongezewa kitufe cha kuvuta kinachozima koili moja, kazi ya kulehemu ya nusu siku, na solo likarudi mahali pake. Kitufe hicho kiagize tangu mwanzo.

Ukitaka kuyalinganisha kwa haki, yafunge nyuzi mpya za aina moja siku ileile, tumia amplifaya moja, na usawazishe sauti, kwa kuwa linalopiga kelele zaidi masikio hulipenda hata kama si zuri. Halafu mpe mwenzako apige, wewe uende nyuma ya ukumbi kwenye meza za mwisho, ugeuze mgongo. Mimi nilichagua la zamani mara tatu kati ya tano kwa nyimbo za taratibu, na jipya kila mara kwa sebene.

Ndiyo maana sijaliuza la zamani. Mtu alinitajia bei nzuri mwezi wa kwanza, nikiwa bado nina mapenzi ya kipya, na nilikaribia kukubali. Jumamosi natoka na yote mawili: la zamani kwa saa mbili za mwanzo watu wakiwa bado wanakula, jipya wakishaanza kusogeza viti.